Ambrose Dolan, Mshukiwa wa Kwenye Picha

Habari za kifo cha Ambrose Dolan zililetwa nyumbani kwa dada yake na mwanamke yule yule ambaye zamani alimpeleka Ambrose mahakamani.

Ilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa Mei. Winifred alikuwa jikoni anakanda mkate, unga umemfika viwikoni. Akasikia lango la mbele likilia, kisha kimya, kama vile aliyelifungua amesita. Akachungulia dirishani. Alikuwa Bi Van Wagenen, mama wa miaka themanini kasoro kidogo, amevaa aproni ya jikoni na kofia ya kanisani, vitu viwili ambavyo hakuna mtu aliyewahi kumwona navyo kwa pamoja.

"Winnie," akasema alipofika mlangoni, "keti kwanza."

"Nina unga mikononi, Bi Van Wagenen. Niambie tu nikiwa nimesimama."

"Keti, mwanangu. Na mimi nataka kuketi."

Wakaketi. Bi Van Wagenen akaeleza kwamba Ambrose alikuja mapema kumalizia rangi kwenye vifuniko vya madirisha yake. Alikunywa kahawa barazani, akamsifu kwamba keki ya leo imeiva vizuri, mtu anaweza kuila bila kuhatarisha meno, halafu akasema atapumzisha macho kidogo kabla ya kupanda ngazi. Bibi alipotoka kuchukua kikombe, akamkuta amelala moja kwa moja, kofia yake magotini.

"Hakuumwa?"

"Hata kikombe hakukiangusha. Alikitua chini vizuri, kama mtu anayetaka kuongezewa."

Winifred akafanya ishara ya msalaba. Unga ukambaki kwenye paji la uso na kifuani, na wote wawili hawakuuona. Wakasali Baba Yetu, kila mmoja kwa desturi ya kanisa lake. Bi Van Wagenen, aliyekuwa Mprotestanti wa ukoo wa Kidachi, akaendelea na yale maneno ya ufalme na nguvu na utukufu ambayo Wakatoliki huwa hawayaongezi hapo, na Winifred akamsubiri amalize. Kisha wakashikana mikono wakalia.

Siku tatu zilizofuata, kila aliyeingia nyumbani kutoa pole alitaka kusikia tena kisa cha mahakama. Winifred hakukataa. Aliona ni afadhali kaka yake akumbukwe kwa kicheko, maana ndivyo alivyoishi.

Ambrose alizaliwa Crowders Bluff, kijiji kilichokaa juu ya majabali ya mto Hudson, New York ikiwa ng'ambo. Baba yao alitoka Ireland akapasua mawe katika machimbo mpaka kifua kikamshinda. Ambrose hakuyataka mawe. Akashika brashi, akawa fundi wa kupaka nyumba rangi. Alikuwa na nywele nyekundu kama tofali lililotoka tanuruni, madoadoa mekundu uso mzima, na macho ya buluu nyepesi kama maji yaliyopita kwenye nguo iliyochuja rangi. Mama yao alikuwa akisema kwamba mtoto huyo akitumwa gizani hahitaji taa.

Alikuwa mpole kupita kiasi. Akikuta buibui kwenye ukuta anaotaka kuupaka rangi, alimhamisha kwanza, tena kwa maelezo. "Samahani mama, tunafanya usafi. Rudi Jumatatu."

Ambrose alipokuwa kijana, kabla ya Vita Kuu, picha za sinema zilikuwa bado bubu, na watengenezaji wake walikuwa wakivuka mto kwa kivuko kuja Crowders Bluff kwa ajili ya majabali. Wanakijiji walikwisha kuwazoea. Ukitoka kwenda kununua maziwa ungeweza kumkuta mfalme na walinzi wake wanakula soseji mbele ya duka la Bertolotti, na msichana ananing'inia kwenye ukingo wa jabali huku mwenzake anamuuliza kama atataka chai. Ambrose alipata kazi ya kupaka rangi kuta zao, ambazo hazikuwa kuta bali turubai zilizokazwa kwenye fremu.

Siku moja mwigizaji aliyepangiwa kuwa mtunza bustani aliamka na jino limevimbisha shavu mpaka jicho halifunguki. Mpiga picha wao, Mfaransa aliyeitwa Perrault, alikuwa anatazama kwenye kioo cha kamera yake, na humo ndani akamwona Ambrose anapita na ndoo.

"Wewe. Weka ndoo chini, simama pale."

"Rangi itakauka, bwana."

"Iache ikauke. Sura kama hiyo nimeitafuta mwaka mzima."

"Basi uliitafuta kubaya. Ipo hapa kila siku, na hakuna anayeitaka."

Picha yenyewe ilikuwa ya kusikitisha. Mtunza bustani anafanya kazi kwa bibi tajiri. Mkufu wa lulu wa bibi unapotea, na kila mtu anamshuku yeye. Anafukuzwa na mbwa, anapanda majabali akikimbia, anatupiwa mawe. Mwishoni kabisa inajulikana kwamba mwizi ni mpwa wa bibi, na bibi anakwenda mwenyewe kumwomba radhi mtunza bustani. Ambrose aliambiwa aonyeshe uchungu wa mtu anayesingiziwa. Alimwambia Winifred jioni ile kwamba alifikiria tu siku mama yao alipomchapa kwa maziwa yaliyonywewa na paka, na uchungu ukaja wenyewe.

Ilipokamilika, ikaonyeshwa katika ukumbi wa kijiji. Watu walijaa mpaka madirishani. Kinanda kikapigwa, taa zikazimwa, mtunza bustani akatokea kwenye kitambaa na reki yake mkononi. Mtu yule alikuwa na nywele nyeusi kama lami. Uso wake ulikuwa na mabaka kama aliyetoka kufagia bomba la jiko, na macho yake yalikuwa meupe, hayana kitu ndani, kama macho ya samaki aliyechemshwa.

Mama Dolan alingoja kwa adabu, halafu akamgusa Winifred.

"Sasa Ambrose anatokea saa ngapi?"

"Mama, ndiye huyo."

"Yule?" Mama akamtazama tena kwa makini. "Yule hata mimi nisingemfungulia mlango."

Ambrose, aliyekaa upande wa pili, alicheka mpaka watu wakamnyamazisha. Perrault alikwisha kumweleza: filamu za siku zile hazikuijua rangi nyekundu, ziliiona nyeusi, na buluu nyepesi ziliiona nyeupe. Waigizaji wa kweli walipakwa unga na rangi za kuwaokoa. Ambrose alipigwa picha vile vile alivyoumbwa.

Picha ikatembezwa vijiji vya jirani. Kwenye kijiji kimojawapo, upande wa mashamba, aliishi Bi Van Wagenen. Alikuwa mjane, mwenye ng'ombe na bustani ya matufaha, mtu wa neno lake. Hakuwahi kukanyaga ukumbi wa sinema. Jirani yake akambembeleza, akaenda, akakaa mstari wa mbele, akaogopa sana. Hakuona mwisho. Alikuwa na ng'ombe mwenye mimba pevu, na tramu ya mwisho haikungoja mtu. Alitoka wakati mtunza bustani bado anapanda majabali na mbwa wanamfuata.

Kesho yake magharibi, akiwa zizini, alisikia kishindo kwenye chumba cha vyakula. Akakimbilia nyumbani. Akamwona mtu anatoka dirishani; mtu huyo akamgeukia mara moja, akatokomea kwenye miti. Birika la fedha la bibi yake, lililovuka bahari kutoka Uholanzi, halikuwapo. Askari Peter Stagg alipofika, Bi Van Wagenen alikuwa na jibu tayari.

"Namjua. Ni yule mtunza bustani wa kwenye picha."

Peter Stagg alikuwa kijana wa Crowders Bluff. Alijua, kama kila mtu alivyojua, ni nani aliyekuwa mtunza bustani. Hakuuliza zaidi. Akaja akawakuta Wadolan mezani.

"Ambrose, inuka twende."

"Wapi tena?"

"Kituoni. Umeiba birika la chai."

"Mimi mnywaji wa kahawa, Peter."

"Usifanye masihara. Umeonekana."

Mama Dolan akaweka kijiko chini. "Peter Stagg, wewe nimekufuta kamasi kwa aproni hii hii."

"Najua, Mama Dolan. Ndiyo maana nimebisha hodi."

Ambrose alivaa koti, akambusu mama yake, akamwambia Winifred amwekee viazi vyake. Lakini mlangoni alipogeuka, Winifred aliona midomo yake imekauka. Kuvunja nyumba ya mjane na kuiba fedha ya ukoo halikuwa jambo dogo. Hakimu wa kijiji akiona kuna neno, angempeleka mahakama kuu, na kutoka huko watu walikuwa wakienda gerezani Trenton kwa miaka. Tena jioni ile ya wizi Ambrose alikuwa peke yake, anapaka rangi ndani ya nyumba tupu ambayo wenyewe walikuwa hawajahamia. Hapakuwa na wa kumshuhudia ila Mungu na buibui.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Watu waliokuwa wakimwita kwa jina sasa walimwita "yule". Mke wa mwokaji mikate alimwambia Winifred usoni, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

"Likija, mlikaribishe nyinyi," Winifred akamjibu. "Sisi nyumba yetu ndogo."

Alijibu hivyo kwa ujasiri, ila akifika nyumbani alipiga magoti. Alianza novena, sala za siku tisa, kwa Mtakatifu Antoni, mwombezi wa vitu vilivyopotea. Ambrose, aliporuhusiwa kutembelewa, alimshauri asimchanganye mtakatifu. "Umwambie waziwazi. Birika ndilo lililopotea. Mimi nipo, wananipa supu ya kabichi."

Msaada ukaja kupitia duka la Bertolotti, mbele ya vitunguu. Mama mmoja aliyemfahamu Bi Van Wagenen alikuwa anawasimulia wenzake yote aliyosema mjane yule. "Anasema hatamsahau mpaka kaburini. Nywele nyeusi kama lami. Macho meupe, hayana kitu."

"Nyeusi?" Winifred akauliza.

"Kama lami, binti. Anaapa."

Winifred akarudisha vitunguu alivyokuwa amevishika. Hakumwambia mtu hata neno. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Pruyn, hakimu wa kijiji, ambaye siku zisizo za kesi alikuwa anauza majani ya farasi.

"Bwana Pruyn, naomba kitu kimoja tu. Siku ya kesi, Ambrose akae nasi kwenye benchi kama watu wengine. Na Bi Van Wagenen asionyeshwe ni yupi. Amtafute mwenyewe."

Bwana Pruyn akamtazama juu ya miwani. "Hicho tu?"

"Na wanaume wavue kofia."

"Kofia watavua, mimi mwenyewe ni mtu wa adabu." Akakung'uta majani mkononi. "Binti, kama ni yeye, atamwona popote atakapokaa. Wajua hilo?"

"Najua, bwana."

Alijua, na usiku hakulala vizuri kwa sababu hiyo. Ingetosha mjane aseme, "Ni huyu, nywele kapaka tu."

Kesi ilisikilizwa katika chumba kilichokuwa juu ya banda la gari la zimamoto. Wadolan walikaa benchi ya mbele: Mama, Winifred katikati, Ambrose pembeni, kichwa wazi, jua la dirishani linawaka juu ya zile nywele mpaka aliyekaa nyuma akafunika macho. Bi Van Wagenen aliingia na kofia yake ya kanisani, akaapa juu ya Biblia, akaeleza mambo yote bila kubabaika. Winifred alimwona ni mwanamke mkweli, na jambo hilo likamwogopesha zaidi kuliko kama angekuwa mwongo.

"Huyo mtu ukimwona utamjua?" hakimu akauliza.

"Hata kwenye giza."

"Basi tuonyeshe. Yumo humu."

Bi Van Wagenen akateremka. Akapita mbele ya benchi ya kwanza polepole, akimtazama kila mtu. Akamfikia Ambrose, akasimama. Winifred akashika rozari yake mfukoni mpaka shanga zikamwingia kiganjani.

"Samahani, kijana," Bi Van Wagenen akamwambia Ambrose, "sogea kidogo. Nataka kumwona huyo aliye nyuma yako."

"Bila shaka, mama," Ambrose akasema, akasogea.

Aliye nyuma yake alikuwa fundi viatu, hakumfaa. Bibi akaendelea, akazunguka chumba chote, akachungulia hata nyuma ya jiko. Akaanza kuhangaika. Mwishowe akainua kidole akaonyesha mlangoni, alikosimama mtu mwenye nywele nyeusi tititi na macho ya kijivu.

"Yule pale. Nadhani ni yule."

Alikuwa askari Peter Stagg.

Chumba kikalipuka kwa vicheko. Peter akawa mwekundu kuliko Ambrose. "Mheshimiwa, mimi ndiye niliyemkamata," akasema, na wakacheka upya.

"Mwizi kumkamata mtu si jambo geni," sauti moja ikasema kutoka nyuma.

Bwana Pruyn akagonga meza. "Bi Van Wagenen, mtunza bustani wa kwenye picha amekaa hapo mbele. Ulimwomba asogee."

Bibi akageuka, akamtazama Ambrose, nywele, madoadoa, macho. Akarudi karibu, akainama, akamtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Wewe?"

"Mimi, mama. Wananipiga picha vibaya."

"Lakini wewe ni mwekundu."

"Tangu kuzaliwa."

"Na mwizi niliyemwona…" Alikuwa mkweli, kama Winifred alivyoona, na ukweli ulikuwa unamgeuka mbele za watu. "Mheshimiwa, sasa sijui nilimwona nani. Nadhani dirishani niliona mtu, na sura nikaitoa kwenye sinema."

"Na hata huko kwenye sinema hakuiba," Mama Dolan akasema bila kusimama. "Mpwa ndiye aliyeiba. Ungekaa mpaka mwisho ungejua."

"Nilikuwa na ng'ombe, mama," Bi Van Wagenen akajibu kwa unyonge.

"Alizaa salama?" Ambrose akauliza.

"Ndama jike. Mzuri sana."

"Sifa kwa Mungu."

Bwana Pruyn akasema hakuna kesi hapa, watu waende wakale. Winifred alibaki kwenye benchi, akimshukuru Mungu na Mtakatifu Antoni, na kwa kuwa alikuwa mwangalifu akamshukuru pia yule ndama.

Jumapili ile ile baada ya Misa, Bi Van Wagenen alifika nyumbani kwa Wadolan na keki ya matufaha ngumu kama kizingiti. Hakuzungusha maneno. Alisimama jikoni akamwomba Ambrose msamaha mbele ya mama yake. Ambrose akamwambia msamaha anao, ila kuna sharti: aende naye ukumbini akaione ile picha mpaka mwisho. Wakaenda, Winifred akiwa katikati yao. Ilipofika pale bibi tajiri anapomwendea mtunza bustani na kuinamisha kichwa, Bi Van Wagenen alilia kwa sauti mpaka mpiga kinanda akakosea.

"Yule bibi naye kajikaza kwenda mwenyewe kuomba radhi," akanong'ona. "Mimi nilipokuja kwako niliona haya hivyo hivyo."

"Umekuja na keki," Ambrose akamwambia. "Yeye alikuja mikono mitupu."

Birika lilipatikana majira ya kuchipua, kwenye kibanda cha mtu aliyekamatwa kwa wizi mwingine. Mtu huyo alikuwa na kipara. Siku ya wizi alikuwa amevaa kofia nyeusi. Ambrose alipoambiwa alisema anamhurumia, maana mwenzake hana hata unywele mmoja wa kujitetea.

Tangu hapo Ambrose ndiye aliyeipaka rangi nyumba ya Bi Van Wagenen, kila baada ya miaka michache, na katikati alikuta sababu za kurudi: bawaba, mfereji wa paa, mlango wa zizi. Waliteta kuhusu dini kwa furaha. Ambrose alimwita "mama mzushi", naye bibi akamwita "mwizi wangu". Picha za sinema zikahamia California, Perrault akamwomba wafuatane, akakataa. "Huko jua kali," alisema, "nitaonekana mweusi mpaka nisijione." Hakuoa. Watu walisema ameoa ngazi. Alimzika mama yake, akamlelea Winifred watoto wakati mumewe alipougua, na watoto wa kijiji walipomfuata wakimwita mwizi aligeuka akatoa macho, wakakimbia, wakarudi tena.

Ambrose alikufa akiwa na miaka arobaini na saba. Winifred, aliyezoea kuombea watu wafe kifo chema, alisema moyoni kwamba safari hii Mungu amemsikiliza hata kabla hajaomba. Jambo hilo halikumzuia kulia kila alipokuta brashi zake zimelowekwa kwenye kopo uani.

Mwili ulilazwa sebuleni kwa Winifred, kama ilivyo desturi yao, na watu wakakesha kwa zamu, wakisali rozari na kunywa chai. Peter Stagg, sasa mkuu wa askari, alikaa kitini karibu na jeneza na kofia mkononi. Akamwambia Winifred, "Nilipaswa kuuliza rangi ya nywele."

"Ulipaswa, Peter. Kula mkate."

Misa ilisomwa Ijumaa asubuhi. Bi Van Wagenen aliingia kanisa la Wakatoliki kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikaa karibu na Winifred, akapiga magoti watu walipopiga magoti, akasimama waliposimama. Padri alisema machache: kwamba marehemu aliwahi kushukiwa na hakumchukia aliyemshuku, na kwamba hilo si jambo dogo mbele ya Mungu.

Wakamchukua kwa miguu mpaka makaburini, mume wa Winifred na wanaume wengine watano wakibeba. Kulikuwa na upepo kidogo kutoka mtoni. Jeneza likashushwa, Padri akanyunyiza maji ya baraka, wakasali wote. Winifred akatupa konzi ya udongo, na baada yake Bi Van Wagenen, kisha wengine kwa foleni. Wachimbaji wakafukia. Watu wakampa Winifred mkono mmoja mmoja, wakateremka kilimani kwenda kula chakula cha mchana.